Shituru: ukuta wa matofali unaweza kubeba uzito gani?

Katika Shituru, moja ya komini nne za mji wa Likasi, nyumba za matofali zipo tangu wakati wa Union Minière, ambayo ilijengea wafanyakazi wake kambi. Leo wakaaji wengi wanajijengea wenyewe, mara nyingi kwa matofali ya udongo wa kichuguu, yaliyochomwa kwa kuni katika tanuru. Pesa ikipatikana, mtu anataka kuongeza etaji. Hapo swali linakuja: ukuta wa chini utabeba?

Ukuta si tofali

Wengi wanafikiri kwamba tofali likiwa nguvu, ukuta nao uko nguvu vilevile. Si hivyo. Ukuta ni matofali pamoja na mortie, ni kusema ule mchanganyiko wa mchanga na simenti. Uzito ukikandamiza, mortie ambayo ni laini inatafuta kutokea pembeni na inavuta tofali. Tofali linapasuka, na ufa unashuka kutoka juu kwenda chini. Ndiyo sababu ukuta unabeba kidogo kuliko tofali lenyewe.

Namna ya kukadiria

Mainjinia wana hesabu. Kwa matofali ya udongo yasiyo na matundu na mortie ya kawaida, kanuni ya Ulaya inayoitwa Eurocode 6 inasema:

nguvu ya ukuta = 0,55 × (nguvu ya tofali)^0,7 × (nguvu ya mortie)^0,3

Kipimo ni megapaskali. 1 ni karibu kilo 10 kwa kila sentimeta mraba.

Tuseme tofali lina 5 na mortie ina 2. Ukuta unapata 2,1 hivi, ni kusema kilo 21. Ukiongeza simenti mpaka mortie ifike 4, ukuta unapanda 2,6 tu. Lakini ukitumia tofali la 10 na mortie ileile ya 2, unafika 3,4. Kwa hiyo, tofali lililoiva vizuri linasaidia zaidi kuliko mfuko wa simenti wa nyongeza.

Tena, injinia hatumii nguvu yote. Anaigawa, pengine kwa 3, kwa sababu kazi ya shantie haifanani na karatasi. Kilo 21 zinabaki 7. Ukuta mrefu na mwembamba, ao ulioinama, unapunguzwa tena.

Hatari iko wapi?

Nyumba ya chini yenye mabati haina shida kubwa ya uzito. Ukuta wa meta 3 unakandamiza sehemu yake ya chini kwa karibu nusu kilo tu kwa sentimeta mraba. Hatari inaanza na dale ya beto. Boriti likiweka tani 6 juu ya ukuta, mahali pa sentimeta 20 kwa 20, hapo ni kilo 15 kwa sentimeta mraba, zaidi ya mara mbili ya zile 7. Ndiyo maana chini ya boriti kunahitajika nguzo ya beto ao kitako kipana cha kusambaza uzito.

Maji nayo ni adui. Tofali lisiloiva, hasa la pembeni ya tanuru, linalainika mvua ikilipiga, na hesabu yote inaanguka.

Kupima kabla ya kujenga

Njia ya hakika ni kupeleka matofali kadhaa kwenye laboratori yenye mashine ya kukandamiza, ao kujengea pale kipande kidogo cha ukuta na kukivunja.

Nyumbani, gonganisha matofali mawili: yaliyoiva yanalia kama chuma. Kisha pima tofali kavu, liloweshe saa 24, ulipime tena. Kanuni ya India inataka maji yasipite asilimia 20 ya uzito kwa matofali ya kawaida. Likianza kumomonyoka ndani ya ndoo, lisiingie katika ukuta.

Majaribio haya ya nyumbani yanaondoa matofali mabaya, lakini hayatoi namba. Kwa mwenye kutaka etaji, namba inatoka kwenye mashine, na injinia anaisoma kabla masoni hajapandisha tofali la kwanza.