Mwana wa Kupelekwa: Malezi na Manung'uniko ya Wazazi katika Buhaya

Yapo katika Mkoa wa Kagera majina mawili ambayo mgeni asiyeizoea nchi ya Wahaya huyachanganya: Nshambya, kata iliyomo katika Manispaa ya Bukoba, na Nshamba, mji mdogo wa vilimani katika Wilaya ya Muleba, katika nchi iliyokuwa zamani ya Abakama, yaani wafalme, wa Ihangiro. Mahali hapo pawili hapalingani kwa umri wala kwa shughuli, lakini ukiketi jioni barazani pa mtu mwenye watoto, huku au huko, husikia manung'uniko ya namna moja: kwamba mtoto wa siku hizi haamki mpaka aitwe mara tatu, na akiitika huguna, kwamba simu imekuwa kidole cha kumi na moja mkononi mwake, kwamba anayajua majina ya wacheza mpira wa Uingereza kuliko ya baba zake wadogo, na kwamba shikamoo huitoa kama mtu anayelipa deni asilolikiri, ilhali wazee wake waliamkia wakubwa kwa kupiga magoti.

Manung'uniko haya husemwa kwa sauti ya watu waliofikiwa na msiba ambao haukuwafikia wengine kabla yao. Nami, bila ya kuudharau udhia wa mzazi yeyote, maana uchungu wa mwana aujuaye mzazi, naona kwamba jambo hili ni kongwe. Na tena kwamba mzizi wake mmoja, katika sehemu hii ya dunia, umo katika desturi ambayo Wahaya waliishika chini ya kila utawala uliowapitia, nayo ni desturi ya kumtoa mwana nyumbani akalelewe na mwingine, kwa heshima na kwa kumtakia mema, kisha kumpokea na kustaajabu kwamba aliyerudi siye aliyeondoka.

Katika zama za Abakama, kabla Emin Pasha hajaiweka ngome ya Wajerumani Bukoba mwaka 1890, mtoto alianza kulelewa ndani ya mushonge, nyumba ya duara iliyoezekwa kwa nyasi mpaka chini, katikati ya kibanja chenye migomba na mibuni. Na hapo mama, bibi na shangazi ndio waliokuwa chuo chake cha kwanza. Lakini mvulana alipokua hakuachwa hapo. Katika falme kama Kiziba, Kianja na Ihangiro, vijana wa rika moja walikusanywa katika kundi lililoitwa muteko, wakaenda kikale, yaani makao ya Omukama, wakafunzwa huko utumishi, matumizi ya silaha, ngoma, na adabu ya kusema na kunyamaza mbele ya wakubwa. Baba aliyemtoa mwanawe alipata fahari, kwa kuwa nyumba yake ilitambuliwa na mfalme. Ila si vigumu kukisia kwamba alipata na wasiwasi, kwa kuwa kijana aliyetoka akiijua sauti moja ya amri, ya baba yake, alirejea akiwa amesikia sauti kubwa kuliko hiyo. Husemwa pwani kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na msemo huo ni onyo. Kwa Wahaya ulimwengu haukungoja mama ashindwe, bali ulialikwa kwa taadhima umalize kazi aliyoianza.

Mwaka 1892, Askofu Jean-Joseph Hirth wa shirika la Mapadri Weupe alikimbia Buganda baada ya vita vya Wakatoliki na Waprotestanti wa huko, akaja upande huu wa ziwa, na misheni ya Kashozi ikaanzishwa. Baadaye wamisionari wa Kilutheri nao walifika kutoka Ujerumani, mwaka 1910, wakawakuta Wahaya ambao walikwisha kuipokea Injili kutoka Uganda kabla yao. Basi kwa muda mfupi kikale kilipata wapinzani wawili katika kazi ya kuwachukua watoto, na wapinzani hao walikuwa na kitu ambacho Omukama hakuwa nacho, yaani kitabu. Mwana aliyekwenda kusoma alirudi na jina jipya, na siku ya mapumziko mpya, na mashaka mapya juu ya mizimu ya babu zake. Na wapo mabinti ambao, walipoona wanaozwa kwa mume wasiyemtaka, waliikimbilia misheni ikawa ngao yao, jambo ambalo kwa baba aliyekwisha kupokea mahari lilikuwa fedheha na hasara kwa wakati mmoja.

Hapana mfano uliotukuka wa kutolewa huko kuliko ule wa Laurean Rugambwa, aliyezaliwa Bukongo mwaka 1912 katika ukoo wa heshima, akapelekwa seminari ya Rubya, kisha Katigondo katika Uganda, akapewa upadri mwaka 1943, na mwaka 1960 akawa Mwafrika wa kwanza kufanywa kardinali. Dunia ilimshangilia kwa haki. Ila mwenye kuijua thamani ya kibanja, ambacho baba humwachia mwana ili mwana naye amwachie wake, ataelewa kwamba mzazi wa padri katika nchi hiyo alitoa zaidi ya mtoto mmoja. Alitoa na wajukuu.

Kahawa iliigeuza desturi hii kuwa hesabu. Buni ambayo Wahaya waliitafuna na kukirimiana tangu kale ikawa, chini ya Wajerumani na hasa chini ya Waingereza, bidhaa ya kuuzwa ng'ambo. Na fedha yake ilijenga nyumba za bati, ikanunua baiskeli, na ikalipa ada. Mwaka 1924 wasomi wa Bukoba waliunda Bukoba Bahaya Union, na elimu ilikuwa miongoni mwa madai ya watu wa zama zile. Tangu hapo mti wa kahawa ulisimama kati ya mzazi na mwana kama shahidi wa deni: kila gunia lililopelekwa sokoni lilikuwa muhula mmoja, na kila muhula ulidai matokeo. Malalamiko ya zamani yalikuwa kwamba mwana amebadilika. Sasa yaliongezewa kwamba amebadilika kwa gharama.

Hivyo ndivyo tunavyoufikia mwaka 1962, ambao katika tarehe ya malezi ya Buhaya hauna ndugu. Tarehe 30 Januari, siku 52 tu baada ya Tanganyika kupata uhuru, wanafunzi watatu wa shule ya bweni ya misheni ya wasichana, Kashasha, walianza kucheka, na kicheko chao hakikukoma. Kilihamia kwa wenzao, na hadi tarehe 18 Machi, shule ilipofungwa kwa kuwa hapakuwa tena na masomo, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Walimu watano, wawili Wazungu na watatu Waafrika, hawakuguswa hata mmoja. Wahaya waliyaita maradhi hayo endwara y'okusheka, yaani ugonjwa wa kucheka, jina ambalo mtu wa mbali hulisikia akatabasamu. Lakini waliokuwapo hawakutabasamu. Kicheko kiliambatana na kilio, kikashika kwa dakika au kwa saa, kikaachia, kikarudi. Mgonjwa hakutulia, na akizuiwa aliweza kupigana. Na hali hiyo ilidumu kwa wengine hata siku 16. Hapana aliyekufa.

Shule ilipofungwa mabinti walirudishwa makwao, na baadhi yao kwao ni Nshamba. Katika miezi ya Aprili na Mei watu 217 wa huko, wengi wao wanafunzi na vijana, wake kwa waume, walishikwa na hali hiyo hiyo. Kashasha ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei. Wasichana 57 wakaugua, na mwisho wa Juni milango ikafungwa mara ya pili. Katika mwezi huo wa Juni zamu ilikuwa ya shule ya kati ya wasichana ya Rwamishenye, pembeni mwa mji wa Bukoba, mahali ambapo leo ni kata mwenzi wa Nshambya: wasichana 48 kati ya 154. Kila mahali njia ilikuwa moja, nayo ndiyo njia ile ile ambayo ada na sanduku la mwanafunzi hupitia, kutoka shuleni mpaka nyumbani, ikapitiwa safari hii kinyumenyume.

Wazazi walifanya nini? Walihofu, na hofu yao ilitafuta sababu mbali: wapo walioamini kwamba hewa imetiwa sumu na mabomu ya atomiki yaliyokuwa yakijaribiwa ng'ambo. Matabibu nao, Rankin wa Makerere na Philip aliyekuwa tabibu wa Bukoba, walichunguza wagonjwa wasione ugonjwa wa mwili, na katika taarifa waliyoichapisha mwaka 1963 waliandika kwamba jambo hili ni la nafsi, la namna ambayo huwashika watu wengi kwa pamoja. Wachunguzi wa baadaye walisogea hatua moja mbele, wakasema kwamba kundi la vijana lililobebeshwa mzigo usioweza kukataliwa wala kulalamikiwa hutafuta mlango, na mlango huo waweza kuwa mwili. Mabinti wa Kashasha walikuwa na umri wa kati ya miaka 12 na 18. Juu yao walikuwapo wamisionari wenye sheria zao, wazazi wenye matumaini yao, na taifa la majuma machache lililokuwa likingoja wasomi. Methali isemayo kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye ilikuwa na nasaha kwa kila mzazi wa mtoto anayelia. Kwa mzazi wa mtoto anayecheka bila furaha haikuwa na neno.

Ingalifaa tarehe hii ikomee hapo, lakini Nshamba ilitakiwa kutoa ushahidi mara ya pili. Mwaka 1983, katika hospitali ya Ndolage, Muleba, walitambuliwa wagonjwa wa kwanza wa ukimwi katika Tanzania, na miaka iliyofuata iliwaondoa watu wa umri wa kulea, ikawaacha wasiolea bado na waliokwisha kulea. Hapa desturi iligeuka: badala ya mwana kutolewa nyumbani, mlezi ndiye aliyetoka na hakurudi, na mama mkongwe aliyedhani amemaliza kazi aliipokea tena, mikono ikiwa mitupu. Katika vilima hivyo vya Nshamba ulianzishwa mwaka 2003 mradi wa Kwa Wazee, wa kuwapa posho ya kila mwezi wazee hao. Na fedha hiyo, pamoja na udogo wake, ilikwenda katika chumvi, sabuni, na viatu vya shule. Hapo hapo yatima wenyewe waliunda chama chao, Vijana Simama Imara, wakasaidiana katika mambo ambayo mtoto hutarajia kufanyiwa na baba. Aghalabu huambiwa kwamba mtoto aliyelelewa na bibi hudekezwa. Lakini wengi wa watoto wale waliamka kabla ya bibi zao, wakateka maji, wakapika, kisha wakaenda shule. Hatujui kizazi kilicholalamikiwa kidogo kuliko hicho, na sababu yake si kwamba kilikuwa na adabu kuliko vingine, bali kwamba bibi na mjukuu waliishi katika chumba kimoja na kila mmoja aliyaona mashaka ya mwenzake.

Leo mzazi wa Nshambya anayo mashaka yake, nayo si ya kupuuzwa: gari la shule linalopiga honi saa kumi na moja alfajiri, michango isiyokwisha, kundi la wazazi katika simu linalolia usiku wa manane, na kazi ya nyumbani ya mtoto ambayo hufanywa na baba. Kwa kuyakimbia hayo, wapo waliompeleka mtoto bweni akiwa hajaota meno ya pili, wakamwona likizo kwa likizo, mpaka mwaka 2023 Serikali ilipopiga marufuku huduma ya bweni kwa wanafunzi wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Wapo walioiona amri hiyo kuwa udhia mpya. Kwa mwenye kuikumbuka tarehe hii, hapo ndipo wenye mamlaka katika nchi hii, baada ya kikale, misheni na shule, walipomwambia mzazi amrudishe mwana nyumbani alale.

Simlaumu aliyemtoa mwanawe. Muteko ulifunza, misheni ilisomesha, shule ilifungua njia, na Buhaya bila ya kutoa wana wake isingalipata kardinali wala maelfu ya walimu na matabibu. Kilichokosekana hakikuwa gharama, maana ililipwa mpaka gunia la mwisho. Katika taarifa ya matabibu wale wa mwaka 1963 limehifadhiwa neno ambalo wagonjwa walilisema walipoulizwa: kwamba vitu vinatembea kichwani, na kwamba wanamwogopa mtu anayewakimbiza nyuma. Walilisema kwa mgeni mwenye kalamu, na kwa kuwa aliwauliza. Basi mwana wako atakaporudi likizo hii, akaguna badala ya kuitika, hesabu ya ada na iwekwe kando kwa usiku mmoja, uketi naye kando ya moto, umwulize ni nani anayemkimbiza.