Motokaa Kuukuu na Mkono wa Fundi

Ukitoka Malindi kuelekea magharibi, kwa njia iendayo lango la Sala la mbuga ya Tsavo, utapita Jilore. Kusini yake uko msitu wa Arabuko-Sokoke, na kaskazini hupita mto Sabaki, ule ule uitwao Athi katika sehemu zake za juu na Galana unapoikata nyika. Nchi hii imezoea mizigo. Kabla ya motokaa, mazao ya bara yalishuka pwani juu ya vichwa vya watu na migongo ya punda, na neno la kubeba mzigo lilipata hata kumwaga damu. Katika mwaka 1914 Wagiriama walipigana na serikali ya Kiingereza, na miongoni mwa sababu za vita vile ilikuwa kutakiwa vijana wao kwenda kuwa vibarua na wapagazi. Basi usistaajabu, msomaji, nikikuambia kwamba katika nchi kama hii historia ya motokaa ni historia ya mzigo kwanza, na ya starehe baadaye sana.

Vitabu vingi vya motokaa hueleza habari za viwanda na wenye viwanda. Habari hizo ni za kweli, lakini hazitufai sana hapa, maana watu wengi wa Afrika ya Mashariki hawakuipata motokaa kutoka kwa aliyeiunda. Waliipata kwa mnunuzi wa kwanza, au wa tatu, ilipokwisha kuchoka. Motokaa mpya ilikuwa mali ya serikali, ya kampuni, au ya mlowezi. Aliyeichukua baadaye kwa bei ndogo alichukua na maradhi yake, akalazimika kumtafuta fundi.

Matatu zilizaliwa hivyo. Katika miaka ya 1950 na 1960 watu wa Nairobi walinunua magari madogo yaliyokwisha tumiwa, kama yale ya Ford yaliyoitwa Thames, wakayatia mabenchi ndani na kuchukua abiria. Nauli ilikuwa senti thelathini, yaani mapeni matatu, na jina likabaki hata baada ya nauli kupanda mara nyingi. Kwa sheria ya wakati ule biashara hiyo haikuruhusiwa, na wenye magari waliifanya kwa kujificha, mpaka mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alipowaruhusu kuchukua abiria bila ya leseni maalumu. Mimi naona kwamba ruhusa ile ilikiri tu jambo ambalo mafundi walikwisha kulifanya kwa nyundo na misumari.

Lakini kama wataka mfano bora wa motokaa kuukuu iliyoheshimiwa, utazame mwaka 1965. Mashindano ya Safari yalianzishwa mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na tangu mwanzo yalikuwa mashindano ya kuvumilia kuliko ya kukimbia. Motokaa zilipita katika vumbi, tope, mito iliyofurika na mawe, mchana na usiku, na nyingi hazikufika mwisho. Viwanda vya Ulaya vilileta magari mapya na mafundi wao. Joginder Singh, Mkenya aliyezaliwa Kericho mwaka 1932 na kukulia katika kazi ya ufundi, alikuja na ndugu yake Jaswant katika Volvo ya namba PV544, motokaa ndogo ya milango miwili yenye mgongo wa duara. Umbo lake lilikuwa la zamani, maana asili yake ni motokaa iliyoonyeshwa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1944. Tena haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kushindana mwaka uliotangulia mikononi mwa wajumbe wa kiwanda, haikuwapa ushindi, ikauzwa. Ndugu wawili hao waliitengeneza kwa mikono yao, wakaingia nayo, wakashinda, na aliyewafuata aliachwa nyuma kwa zaidi ya saa moja na nusu. Baadaye Joginder alishinda tena, mwaka 1974 na mwaka 1976, lakini katika Mitsubishi.

Fikiri, msomaji, ni nini hasa fundi huifanyia motokaa ya safari kama ile. Hatafuti urembo. Huimarisha kamani na vizuia mishtuko, hufunga bamba la chuma chini ya injini ili jiwe lisipasue tangi la oili, hukinga nyaya za umeme zisilowe mtoni, na huungilia kwa moto viungo vya bodi vinavyoweza kuachana. Kila alichokiongeza kina sababu, na sababu hiyo yatoka katika njia atakayopita.

Leo motokaa kuukuu za Kenya hutoka Japani zaidi kuliko mahali pengine. Sababu moja ni kwamba Wajapani, kama sisi, hupita upande wa kushoto wa njia, na usukani wao uko kulia. Sababu ya pili ni kwamba huko kila motokaa hukaguliwa na serikali, mara ya kwanza ikiwa na miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama. Basi mwenyewe huona heri aiuze. Tangu biashara ya nchi yetu kufunguliwa katika miaka ya 1990 zimeshushwa kwa wingi katika bandari ya Mombasa, ingawa sheria hukataza kuingiza iliyozidi miaka 8. Mnunuzi wa pili au wa tatu hana kinga kama hiyo. Yeye hutazama moshi, maana moshi wa buluu ni dalili ya injini inayokula oili. Hutazama pia mpira wa kanyagio la breki: ukiwa umelika mpaka chuma, na saa ya kilomita yasema motokaa haikwenda mbali, basi mmoja wao ni mwongo, na kanyagio halijui kusema uongo.

Motokaa iliyopendwa sana mashambani ni Probox, iliyoanza kutengenezwa na kampuni ya Toyota mwaka 2002. Waliiunda kwa ajili ya wachuuzi na makarani wa Japani, watu wa kubeba sampuli na karatasi, wakaitia hata kibao cha kuandikia mbele ya kiti. Yake ya kubebea mizigo ilikadiriwa kuchukua kilo 400 ikiwa na watu wawili, na pungufu ya hapo wakiwa watano. Fundi wetu huipandisha juu kwa kuongeza kamani nyuma, na njia yenye makorongo humpa haki. Shida ni yale yafuatayo. Kamani zikishakuwa ngumu motokaa hailalamiki tena, na mwenyewe hupakia watu tisa. Piga hesabu: watu tisa wa kilo 60 ni kilo 540, na bado hujatia gunia moja la mahindi.

Breki, je? Hizo hazikuongezwa kitu. Uzito ukiwa maradufu, kazi ya breki huwa maradufu. Mwendo ukiwa maradufu, kazi hiyo huwa mara nne. Hesabu hii mmefundishwa darasani, na haibadiliki kwa sababu abiria ni mama mjamzito anayewahishwa hospitali ya Malindi usiku. Naye mama huyo hana gari jingine. Anayesema motokaa hizi zipigwe marufuku basi na aseme pia mama huyo apande nini.

Mwezi wa Februari 1904 hapakuwa na sheria ya namna hii. Februari 2004 ilikuwapo. Serikali, chini ya waziri John Michuki, iliyataka magari ya abiria yawe na mikanda na vidhibiti mwendo, na ikaweka idadi ya abiria kwa kila gari. Katika barabara kuu watu waliona mabadiliko upesi. Katika njia za ndani sheria hufika kwa kuchelewa, na kamani iliyoongezwa hubaki pale ilipofungwa, mpaka motokaa yenyewe itakapokatwa vipande, injini ikauzwa huku, milango kule, na kiti cha nyuma kikawekwa chini ya mwembe wa mtu.