Shetani hakumfundisha Robert Johnson gitaa

Wiki hii naweka pembeni habari za foleni ya kantini na maji kukatika hosteli, tuongee historia kidogo. Mada ni bluzi. Na kabla mtu hajanirukia, simaanishi zile nyimbo za taratibu ambazo DJ anaziweka disko likikaribia kuisha ili watu wacheze wawili wawili. Hizo nazo tumezoea kuziita bluzi, ila bluzi yenyewe ni muziki wa Wamarekani weusi wa kusini mwa Marekani, na gitaa ndo mdomo wake wa pili.

Ukianza kujifunza gitaa la bluzi, neno utakalokutana nalo mapema kabisa ni liki. Liki ni kipande kifupi cha melodi, sekunde mbili tatu tu, ambacho mpigaji anakichomeka anapotaka. Usichanganye na rifu. Rifu inajirudia rudia na kuubeba wimbo mzima, liki inapita na kuondoka, kama methali katikati ya maongezi. Hakuna anayeuliza methali ni mali ya nani, ila ukiitumia pasipo pake kila mtu anajua.

Kwa lugha yetu ya chuoni, liki ni desa. Unalichukua kwa mwenzio, unalikariri, unalitoa siku ya siku. Ninachotaka kusema leo ni kwamba nyuma ya kila desa kuna mtu aliyelifundisha, na historia ina tabia mbaya ya kumsahau. Sisi tunaosomea ualimu hili linatuhusu sana.

Turudi jimbo la Mississippi, kwenye tambarare za pamba wanazoziita Delta. Utumwa ulifutwa Marekani mwaka 1865, lakini watoto na wajukuu wa watumwa waliendelea kulima pamba kwenye mashamba ya wazungu kwa kugawana mavuno. Mahesabu ya mwisho wa msimu aliyafanya mwenye shamba mwenyewe, kwa hiyo unaweza kukisia deni lilikuwa linaisha lini. Shule za weusi zilikuwa chache na duni, na ya muziki ndo usiseme. Mtoto aliyetaka gitaa alianza kwa kupigilia waya kwenye ukuta wa nyumba, anaukaza, kisha anautelezesha chupa huku anaucharaza.

Mwaka 1903 hivi, kiongozi wa bendi aitwaye W.C. Handy alikuwa anasubiri treni kwenye stesheni ya Tutwiler, Mississippi, akamsikia mtu anapiga gitaa huku amekandamiza kisu kwenye nyuzi. Handy alikuja kusimulia habari hiyo kwenye kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1941. Mtindo ule ndo tunauita slaidi: badala ya kubonyeza uzi kwa kidole, unatelezesha chupa, kisu au bomba la chuma juu yake na sauti inalia kama mtu. Mpigaji mwenyewe wa pale stesheni hakutajwa jina. Mwalimu wa kwanza tayari amesahaulika, na hata hatujaanza vizuri!

Sasa tuweke maneno mengine mezani. Baa 12 (sio za bia). Baa ni kipimo cha mapigo manne, na wimbo wa kawaida wa bluzi unazunguka baa 12 kwa kodi tatu (sio za TRA). Kodi ni noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Ukiwa kwenye ufunguo wa E, kodi zako ni E, A na B7. Unapiga E baa nne, A mbili, unarudi E mbili, B7 moja, A moja, na mbili za mwisho unarudi nyumbani E. Pale mwishoni kabisa kuna kaliki kanakokuzungusha uanze upya, hako naomba tukaite mgeuko.

Mwimbaji anaimba mstari kwa baa kama mbili hivi, ananyamaza, na gitaa linajibu. Mwanya huo ndo nyumba ya liki. Ni wito na kiitikio, mtindo uleule wa nyimbo za kazi shambani na za kanisani walikotoka watu hawa.

La mwisho ni kupinda uzi. Kwenye shingo ya gitaa kuna vyuma vidogo vilivyolala, vinaitwa freti, na kila kimoja kinakupa noti yake. Shida ni kwamba mwimbaji wa bluzi anaimba sauti zinazoangukia katikati ya noti mbili, zile wanazoziita noti za bluu. Piano haiwezi kumfuata huko. Gitaa linaweza: unabonyeza uzi kisha unausukuma kwa upande mpaka sauti inapanda. Yaani mpigaji alikilazimisha chombo kiseme kwa lafudhi yake, badala ya yeye kubadilisha lafudhi ili imfae chombo.

Mpaka hapo desa lilitoka mkono kwa mkono. Kisha zikaja santuri. Mwaka 1920 Mamie Smith alirekodi Crazy Blues jijini New York, ikauzwa sana, na makampuni yakagundua kwamba weusi nao ni wateja. Blind Lemon Jefferson wa Texas alianza kutoka kwenye santuri mwaka 1926, Charley Patton wa Mississippi mwaka 1929. Sasa kijana wa shambani aliweza kurudisha sindano ya gramafoni mara hamsini mpaka aipate liki ya mtu ambaye hajawahi kumwona.

Hapo ndo anaingia Robert Johnson. Wengi mmesikia hadithi yake hata kama jina mlilisahau: kijana aliyekwenda njia panda usiku wa manane, akampa shetani roho yake, akalipwa kwa kipaji cha gitaa. Chanzo chake ni hiki. Karibu na mwaka 1930 Johnson alikuwa akiwafuatafuata wakubwa kama Son House kwenye ngoma za wikiendi, na House alisimulia kwamba dogo alikuwa akishika gitaa watu wanakereka. Akapotea muda, aliporudi alikuwa moto. Watu wakatafuta maelezo, shetani akapewa sifa.

Ukweli una jina, nalo ni Ike Zimmerman. Johnson alirudi kusini, maeneo ya Hazlehurst alikozaliwa, akakutana na mpiga gitaa huyu aliyekuwa na mke na watoto, akakaa naye na kufundishwa. Familia ya Zimmerman ilikuja kuwasimulia watafiti kwamba wawili hao walikuwa wanakwenda kufanya mazoezi makaburini usiku, kwa sababu kulikuwa na utulivu na hakuna wa kumsumbua. Basi! Makaburi yalikuwepo, usiku ulikuwepo, shetani hakuwepo. Alikuwepo mwalimu mvumilivu na mwanafunzi anayerudia kitu kilekile mpaka kikae.

Zimmerman hakuwahi kurekodi santuri. Johnson alirekodi nyimbo 29 tu, San Antonio mwezi Novemba 1936 na Dallas mwezi Juni 1937, akafariki Agosti 1938 akiwa na miaka 27. Mwanafunzi akawa jina kubwa la dunia nzima, na cheti cha mwalimu kikaandikwa kwa jina la Ibilisi. Jamani!

Hata nyimbo zenyewe zinaonyesha Johnson alikuwa anadesa kwa bidii. Sweet Home Chicago ya 1936 imetokana na wimbo aliorekodi Kokomo Arnold mwaka 1934. Ila Johnson naye akadeswa. Kwenye I Believe I'll Dust My Broom, ya 1936 hiyohiyo, kuna liki ya noti tatu tatu za harakaharaka kwenye nyuzi za juu, aliyoipiga kwa vidole. Mwaka 1951 Elmore James akairekodi kwa gitaa la umeme na slaidi kwenye freti ya 12, nyuzi zimetyuniwa kodi ya D moja kwa moja. Noti zinafanana, ila sasa inaingia kwa kishindo kama mlango uliosukumwa na upepo. James aliirudia kwenye nyimbo nyingi mpaka ikawa sahihi yake, na mwaka 1968 vijana wa Kiingereza wa Fleetwood Mac walikuwa wanaipiga London. Liki moja, miaka 32, mikono mitatu, na kila mkono umeacha alama.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa aliyeshindwa kudesa. B.B. King, aliyezaliwa Mississippi mwaka 1925, alikwenda Memphis mwaka 1946 akakaa kwa Bukka White, binamu wa mama yake na fundi wa slaidi. Kijana akajaribu kuiga slaidi, vidole vikakataa. Ili apate ule mlio unaotetemeka, akaanza kubonyeza uzi na kuutikisa kidole palepale juu ya freti. Mtikisiko huo unaitwa vibrato, na vibrato yake ikawa mojawapo ya sauti zilizoigwa zaidi kwenye gitaa duniani. Mwezi Septemba 1974 aliileta mpaka Kinshasa, kwenye tamasha la Zaire 74 lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la Ali na Foreman, akapanda jukwaa moja na kina Franco na Tabu Ley. Mwalimu mwenye kalamu nyekundu angempa King sifuri kwenye somo la slaidi.

Sasa mtu atauliza, kama wote wanadesana, wizi uko wapi? Swali zuri. Mwaka 1962 Muddy Waters alirekodi You Need Love, utunzi wa Willie Dixon. Mwaka 1969 Led Zeppelin wakatoa Whole Lotta Love, ikawapa umaarufu mkubwa, jina la Dixon halipo. Dixon alishtaki mwaka 1985 na mwaka 1987 wakamalizana nje ya mahakama. Ugomvi ulikuwa juu ya maneno ya wimbo zaidi kuliko gitaa. Dixon pia alianzisha taasisi, Blues Heaven Foundation, kusaidia wanamuziki wa bluzi kupata haki zao.

Kwangu mimi mpaka uko hapo. Kuchukua liki, kuikariri na kuigeuza ndo shule yenyewe. Wizi unaanza pale hela na sifa zinapokusanywa mahali pamoja na aliyekufundisha anafutwa jina. Kina Johnson walichukuliana wote wakiwa maskini kwenye mashamba yaleyale, leo kwangu kesho kwako. Kampuni kubwa ikichukua kwa mtu asiye na mwanasheria, hiyo sio zamu tena.

Kwa hiyo wenzangu mnaojiandaa kwenda kufundisha kwa vitendo, tusiwatukane wanafunzi wanaokariri. Kukariri ni baa nne za kwanza, kazi yetu ni kuwafikisha ya 12. Na wale mnaokung'uta gitaa huko vyumbani, shikeni liki moja tu wiki hii, muipige taratibu, kisha muulize nani aliipiga kwanza, na nani alimfundisha yeye.

Tukutane wiki ijayo Mungu akipenda. Wenye testi Jumatatu, kila la heri!