Pamba, nguruwe na njaa: mama wa Uzaramo alipobaki peke yake (Sehemu ya 4)

Mama zangu na dada zangu wa Kibaha na Kisarawe, na nyie akina baba mnaosoma kimyakimya kwenye simu ya mke, karibuni tena. Sehemu ya 3 tuliishia kwenye misafara ya watumwa iliyovuka mto Ruvu kwenda Bagamoyo. Leo nataka tuangalie kitu ambacho shuleni tulikipita mbio: baba akichukuliwa, mama anabaki na nini?

Kwanza nilipe deni. Wengi mmeniuliza, eti watumwa wote walikuja kwa minyororo kutoka bara? Hapana. Kulikuwa na njia nyingine ya kimyakimya, nayo ni rehani. Njaa ikiingia, mtu anakopa nafaka na kumweka mtoto kama dhamana. Kwa Wazaramo mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo mjomba ndiye alikuwa na sauti juu ya wapwa zake. Deni likilipwa, mtoto anarudi. Likichelewa, mtoto anaweza kuuzwa. Hakuna mnyororo wala bunduki hapo, ni vibaba vya mtama tu. Mimi hii inaniumiza kuliko ile ya minyororo, maana hapa mama alikuwa anamjua aliyemtoa mwanawe. Ni kaka yake.

Na sheria zilikwenda polepole. Wajerumani waliamua kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 atakuwa huru. Hebu fikiria, mama mjamzito: ukijifungua Desemba, mtoto ni mtumwa. Ukichelewa wiki mbili, mtoto ni huru, lakini wewe unayemnyonyesha bado ni mali ya mtu. Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922, chini ya Waingereza. Hapo baadhi ya bibi zake bibi zetu walikuwa wasichana tayari.

Sasa tuje kwenye kodi. Mwaka 1898 Wajerumani walianza kudai kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba za vijijini. Mwenye wake wawili wenye nyumba mbili alidaiwa mara mbili. Rupia haikuoti shambani, kwa hiyo baba aliondoka kwenda kuitafuta kwenye mashamba ya walowezi au mjini Dar es Salaam. Asiyelipa alilipishwa kwa kazi. Mwaka 1905 ikaanza kujengwa reli ya kati kutoka Dar, ikapita Pugu, Soga, Ruvu, ikafika Morogoro 1907. Nyie mnaopanda treni ya SGR sasa hivi, mkifika Soga angalieni ile reli ya zamani. Iliyabeba mabega ya wanaume walioacha wake zao na jembe.

Juu ya hapo ikaja pamba. Kuanzia 1902, chini ya Gavana Götzen, majumbe wa huku kwetu na pwani ya kusini waliamriwa kulima mashamba ya pamba ya pamoja. Watu wazima walitakiwa kufanya kazi huko siku 28 kwa mwaka. Utasema siku 28 ni chache. Lakini mkulima yeyote wa Maneromango atakuambia pamba haisubiri. Palizi yake inagongana na palizi ya mpunga na mtama wako. Na malipo yalikuwa kiduchu mno, hata wapo waliokataa kuyapokea.

Halafu nguruwe. Msicheke jamani, nguruwe mwitu ndio kiini cha habari hii! Mwanahistoria mmoja, Thaddeus Sunseri, ameandika kuhusu njaa na nguruwe mwitu Uzaramo wakati huo, na ukisoma unaona jinsi vitu vidogo vinavyoshikana. Zamani wanaume walikwenda kuwinda kwa nyavu, kundi zima la kijiji, na usiku walikesha kwenye dungu kulinda shamba. Sasa wanaume hawapo, na sheria za uwindaji za serikali zikabana ule uwindaji wa nyavu. Nguruwe wakaongezeka. Mama aliyelima mchana kutwa, mtoto mgongoni, ndiye anakesha usiku akipiga debe na kuwasha moto. Asubuhi anakuta tuta limefumuliwa lote, na siku hiyohiyo anadaiwa kwenye shamba la pamba la jumbe.

Kwa hiyo watu walipong'oa pamba kule Umatumbi Julai 1905 na Vita vya Maji Maji vikaanza, haikuwa hasira ya wanaume wapenda vita. Ilikuwa hasira ya nyumba ambazo chungu hakikuwa na kitu. Agosti moto ulikuwa umefika huku kwetu, Maneromango na Kisangire. Jumbe wa Kisangire aliitwa Kibasila, Wajerumani walimnyonga. Wale wa Dar mnalijua jina hilo kwa sababu ya shule ya sekondari pale Temeke, ila sidhani kama wengi wanajua kwamba alitoka huku Kisarawe.

Wajerumani walishinda vita ile kwa njaa kuliko kwa risasi. Walichoma vijiji na maghala na kuharibu mazao shambani. Wao wenyewe walihesabu waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi kwa njaa na maradhi yaliyofuata.

Hapa sasa naongea kama nesi. Njaa haiishi siku mvua inaponyesha. Mwanamke akikosa chakula muda mrefu, hedhi hukatika. Akishika mimba na damu imepungua, anaweza kuvuja damu kidogo tu wakati wa kujifungua akapotea. Binti aliyekosa lishe udogoni hubaki mfupi, nyonga zake zinaweza kuwa finyu, na miaka 15 baadaye anapata uchungu pingamizi, mtoto hapiti. Wakati huo hakuna upasuaji wala gari la wagonjwa. Miaka ya 1930, Culwick na mkewe walichunguza uzazi kule Ulanga, ambako vita vilipiga vibaya. Waliona kwamba wanawake waliopona ile njaa uwezo wao wa kuzaa ulikuwa umepungua kwa zaidi ya robo. Vita viliisha 1907, lakini kuna watoto ambao hawakuzaliwa kwa sababu yake hadi miaka ya ishirini.

Mnakijua mwana hiti? Kile kisanamu cha mti cha Kizaramo, hakina mikono wala miguu, mwali alipewa akiwa ndani, amwogeshe na kumlea kama mtoto. Vingi viko kwenye makumbusho ya Ulaya, watu wanavitazama kama sanaa. Mimi nikiviona nafikiria yule mwali wa 1907, mwembamba, hedhi haijarudi, anakipaka mafuta kila asubuhi.

Haya, kazi yenu wiki hii. Kama nyumbani kuna bibi au babu mzee, muulize kuhusu ndiga, kile kiazi cha porini chenye sumu. Muulize walikiloweka siku ngapi mtoni kabla ya kumpa mtoto, na nani alionja kwanza. Niandikieni hapo chini na jina la kijiji tu, msitaje majina ya watu. Sehemu ya 5 tunaingia 1914, wapagazi wa vita na kwa nini Kariakoo inaitwa Kariakoo.