Hiari Si Hiari: Stori ya Mahojiano ya Kuingia Chuo

Kabla tuanze, wacha nikubali kitu ambacho sijawahi kusema hapa.

Mwaka wa 2021, baada ya matokeo ya KCSE, niliomba kuingia chuo kimoja Marekani. Jina sitaji. Fomu nilijazia kwa saiba moja Nakuru, ile ya shilingi moja kwa dakika, na mwenye saiba alinikopesha masaa mpaka akachoka. Baadaye nikapata barua pepe kutoka kwa mtu aliyesomea hicho chuo, ambaye sasa alikuwa anafanya kazi Nairobi. Alisema angependa tuongee nusu saa kwa video. Chini kabisa kulikuwa na sentensi moja: mahojiano haya ni ya hiari, na usipoyafanya hayataharibu ombi lako.

Sikumjibu. Nilifikiria nyumba yetu ya chumba kimoja, redio ya jirani ambayo huwa haizimwi, pesa ya bando, na Kiingereza changu ambacho kwa karatasi kiko sawa lakini mdomoni kinatembea na magongo. Nikajiambia: kama si lazima, mbona nijianike?

Sasa hapo ndipo nilijicheka baadaye. Mtoto wa Kenya anafaa kuwa mtu wa mwisho duniani kudanganywa na neno hiari. Sisi tumesoma shule ambazo mchango wa hiari usipolipwa unatumwa nyumbani kuufuata. Tuisheni ya hiari, na mwalimu anafundisha silabasi yote huko. Neno tulilijua vizuri. Kwa sababu tu liliandikwa na mzungu, nikaliamini.

Nilikataliwa. Na sisemi ni kwa sababu ya hiyo nusu saa, maana vyuo vya aina hiyo hukataa zaidi ya watu tisa kati ya kila kumi, na wengi wao walihojiwa wakiwa wamechomekea shati. Niliingia chuo cha hapa kupitia KUCCPS, kozi ambayo sikuipenda, na mwaka wa pili nikatoka. Mnajua hiyo stori. Lakini swali lilinikaa kichwani: nani aliamua kwamba ili uingie chuo, mtu aliyesoma hapo zamani anafaa kukuangalia usoni? Nikaanza kusoma. Na wasee, hii historia si nzuri.

Turudi miaka mia moja nyuma. Mwanzoni mwa karne ya 20, kuingia Harvard, Yale au Columbia kulikuwa rahisi kuliko unavyodhani. Kulikuwa na mtihani. Ukipita, na una karo, unaingia. Hakuna insha ya maisha yako, hakuna barua ya kocha. Mtihani wenyewe ulitaka vitu kama Kilatini, ambavyo shule za matajiri ndizo zilizofundisha, kwa hivyo mlango ulijichunga wenyewe. Waliopita walikuwa watoto wa familia zile zile.

Halafu dunia ikasonga. Kuanzia miaka ya 1880, Wayahudi zaidi ya milioni mbili walitoka Ulaya Mashariki wakaingia Marekani, wengi wakikimbia umaskini na mateso. Walijaa mitaa ya mabanda ya New York. Wazazi walishona nguo viwandani, watoto wakaenda shule za umma, na hao watoto walisoma. Walisoma vile sisi tunasoma tukiambiwa hii ndiyo njia ya pekee ya kutoka mtaani. Wakaanza kupita mtihani. Harvard mwaka wa 1900 ilikuwa na Wayahudi kama asilimia 7 ya wanafunzi wapya. Mwaka wa 1922 walikuwa zaidi ya asilimia 21. Columbia, ambayo iko hapo hapo Manhattan, inakadiriwa walifika karibu asilimia 40.

Hapo wenye chuo wakashtuka. Tatizo lilikuwa moja: mtihani ni wao waliuweka, na hao watoto waliupita kihalali.

Rais wa Harvard wakati huo aliitwa A. Lawrence Lowell. Mwaka wa 1922 alitaka chuo kiweke kikomo cha wazi kwa Wayahudi, karibu asilimia 15. Ndiye huyo huyo aliyewafungia wanafunzi weusi mabweni ya mwaka wa kwanza, mpaka bodi ikamkatalia mwaka wa 1923. Kikomo cha wazi nacho kilipigiwa kelele, na kamati ya walimu ikakikataa. Kwa hivyo kama wewe ni Lowell, na huwezi kusema "Wayahudi basi", utafanya nini?

Utabadilisha swali. Hutauliza tena "Umepata ngapi?" Utauliza "Wewe ni mtu wa aina gani?"

Columbia walikuwa wametangulia. Karibu mwaka wa 1919 walileta fomu mpya, ndefu, inayouliza dini yako na baba yako alizaliwa wapi. Walitaka picha. Walitaka mahojiano ya ana kwa ana. Harvard nayo mwaka wa 1922 ikaanza kuuliza rangi, dini, jina la mama kabla ya kuolewa, na kama familia imewahi kubadilisha jina. Unaelewa hilo swali la mwisho lilikuwa linatafuta nani? Mwaka wa 1926 Harvard ikaweka kikomo cha wanafunzi wapya 1,000, na ikasema itaangalia tabia na haiba pamoja na alama. Picha ikawa lazima. Columbia ndani ya miaka michache ilishusha Wayahudi mpaka kama asilimia 22. Hakuna sheria iliyoandikwa popote. Ni kuangaliwa tu.

Na wahitimu wa zamani wanaingilia wapi? Chuo kama Dartmouth, mwaka wa 1922, kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kutangaza mfumo wa kuchagua wanafunzi kwa vitu zaidi ya alama, na wahitimu wakapewa kazi ya kuwapima waombaji wa sehemu zao. Fikiria kidogo. Chuo hakiwezi kutuma afisa kila mji. Lakini kila mji kuna wakili au mfanyabiashara aliyesomea huko. Anamuita kijana ofisini, wanaongea, anaandika barua: huyu atatufaa, huyu hatatufaa. Mtu anachagua mtu anayefanana na yeye alivyokuwa na miaka 18. Hata bila chuki, mnajua nani atachaguliwa.

Ndio maana kila nikisikia mtu akisema mfumo wa kuangalia mtu mzima ni wa kisasa na wa utu, huwa nakohoa. Ulizaliwa kama dawa ya kupunguza watoto wa washonaji nguo.

Lakini stori haikuishia hapo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hivyo vyuo vilitaka kujulikana nchi nzima, na baadaye dunia nzima. Wale wahitimu waliokuwa walinzi wa mlango wakawa pia watu wa kutafuta vipaji na kuuza jina la chuo. Leo ni maelfu ya watu wanaojitolea, hawalipwi, wengine wako hapa Nairobi. Wengi hawaoni alama zako wala insha yako. Wanaongea na wewe, wanaandika ripoti, wanaendelea na maisha. Na vyuo vingi vinasema ni hiari, kwa sababu si kila mwombaji ana mhitimu karibu.

Kisha kukatokea kesi. Mwaka wa 2014 Harvard ilishtakiwa kwamba inawabagua waombaji wenye asili ya Asia. Karatasi zilipofunguliwa mwaka wa 2018, kulionekana kitu cha ajabu. Harvard ilikuwa inampa kila mwombaji alama ya haiba: upole, ujasiri, kupendeka. Maafisa wa ofisini, ambao wengi wa waombaji hawakuwahi kuwaona, waliwapa Waasia alama za chini kuliko wazungu. Wahitimu waliokaa nao meza moja wakaongea waliwapa alama zinazokaribiana na za wazungu.

Soma tena hapo, polepole. Kifaa kilichotengenezwa kufungia watu nje ndicho kilichokuja kuwa na macho ya haki kuliko ofisi. Jaji wa kwanza, mwaka wa 2019, alisema hakuona ubaguzi wa makusudi. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kesi dhidi ya Harvard na kuzuia vyuo kutumia rangi ya mtu katika kuchagua wanafunzi. Unaweza kubishana na hiyo hukumu mpaka kesho. Mimi nilibaki na kitu kimoja tu: ukikaa na mtu nusu saa, ni ngumu kumuandika kwamba hapendeki.

Vyuo vingine vimeamua kuachana na hii kazi kabisa. Columbia, iliyokuwa ya mbele kuuleta mchezo huu, imesimamisha mahojiano ya wahitimu. Brown pia iliyaacha, ikaweka video fupi unayojirekodi mwenyewe.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu najua kuna mtu anasema: bora sisi, KUCCPS haiangalii sura.

Ni kweli. Kompyuta ya KUCCPS haijui kama mathe anauza mitumba. Haijui lafudhi yako. Kubwa ni alama zako, kozi ulizochagua na nafasi zilizopo. Kwa historia niliyowapa hapo juu, hiyo ni zawadi. Lowell angeichukia. Lakini ni zawadi ya kipofu. Haijui kwamba ulipata B ukisomea shule isiyo na maabara, na mwingine akapata B+ akiwa na mwalimu wake wa nyumbani. Alama pia zina wazazi.

Na sisi tuna historia yetu ya kuangaliwa usoni. Mwaka wa 1959, chini ya ukoloni, nafasi za chuo kwa Mwafrika wa Kenya zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Makerere ilichukua wachache, na Waingereza walikuwa na vipimo vyao vya nani anafaa. Tom Mboya akaenda Marekani akachangisha pesa. Septemba mwaka huo ndege ikaondoka na wanafunzi 81, na mpaka 1963 karibu 800 kutoka Afrika Mashariki na majirani walikuwa wamepata njia hiyo. Pamoja na Mboya katika kazi ya kuchagua alikuwa Gikonyo Kiano, ambaye mwenyewe alikuwa amesomea Marekani mpaka udaktari. Yaani mhitimu wa zamani, akiangalia vijana wa kwao. Wakoloni walilalamika kwamba wanaopelekwa hawajafikia kiwango. Mmoja wa waliofaidika na mpango huo mwaka wa 1960 aliitwa Wangari Muta. Mnamjua kama Wangari Maathai, mshindi wa Nobel ya Amani mwaka wa 2004.

Kwa hivyo mahojiano yalifunga mlango Marekani na watu wenye macho wakafungua mlango Nairobi. Alama zilifungua mlango kwa mtoto wa mshonaji New York, na vipimo vya mkoloni vikaufunga hapa kwetu. Mimi nilianza kusoma hii stori nikitaka kuchagua timu, alama au sura. Nimemaliza bila timu. Cha kuuliza ni nani amekaa mlangoni, na kama aliye nje ameambiwa sheria za kuingia.

Na hapo ndipo neno hiari linanikasirisha. Rafiki yangu aliyesomea shule kubwa ya Nairobi alipata barua kama yangu mwaka huo huo. Mshauri wake wa shule alimwambia palepale: hiyo hiari usiiguse, jibu leo. Wakafanya mazoezi mara tatu. Yeye alisoma hiari kama mwaliko, mimi nikaisoma kama ruhusa ya kujificha. Sentensi ni ile ile, na hakuna aliyetudanganya. Mmoja tu ndiye alikuwa na mtu wa kumtafsiria.

Mwaka jana mzee mmoja ambaye hufanya haya mahojiano aliniandikia baada ya kuona video yangu. Nikamuuliza, ungesema nini ungeona chumba chetu, redio ya jirani inapiga, mimi natafuta maneno? Akaniambia hiyo ndiyo ripoti ambayo angefurahia kuandika. Nilizima simu nikatoka nje kidogo.

Kwa hivyo kama umemaliza kidato cha nne na barua kama hiyo imekufikia, mimi ndiye mshauri wako wa shule leo, na sitozi kitu. Jibu siku hiyo hiyo. Kama huna bando au mahali pa utulivu, mwambie hivyo wazi, uliza kama mnaweza kupigiana simu ya kawaida, omba ofisi ya kanisa, msikiti au maktaba. Usikariri hotuba. Muelezee kitu unachokipenda mpaka unasahau kula. Muulize maswali yako pia, kwa sababu naye anataka kuulizwa. Akikukataa, utakuwa umekataliwa ukiwa umeonekana.

Mimi sikuonekana. Nilijifungia nje, na ufunguo ulikuwa mkononi mwangu.