Mkrismasi Uani

Ifikapo Novemba, uwanda wetu wa kati huwa umechoka. Nyasi zimekwisha, mibuyu imesimama uchi, na vumbi jekundu limetanda juu ya mabati ya nyumba. Mvua ya mwisho ilinyesha Aprili, na ya kwanza inatazamiwa Desemba. Ni katika majira hayo ya ukame ndipo mti mmoja, bila kungoja tone la mvua, hujivika maua mekundu kutoka tawi la chini hadi kilele. Watu wetu waliupa jina kwa kalenda: mkrismasi. Wengine wanayo majina mengine, lakini hili ndilo linaloeleweka Dodoma.

Katika insha hii nataka kuutazama mti huu kama mwalimu wa historia anavyotazama hati. Ninaamini kwamba mti wa maua uliopandwa uani ni ushahidi wa jambo moja ambalo vitabu vyetu hulipita haraka, yaani kwamba mtu fulani, wakati fulani, alitaraji kukaa mahali hapo.

Mkrismasi si mwenyeji wetu. Asili yake ni misitu mikavu ya kisiwa cha Madagascar. Mtaalamu wa mimea aitwaye Wenceslas Bojer aliukuta huko katika miaka ya 1820, na maelezo yake ya kitaalamu yakachapishwa Uingereza mwaka 1829. Neno la pili la jina lake la kisayansi, Delonix regia, maana yake ni “wa kifalme”. Kutoka hapo ulisafirishwa hadi Mauritius na nchi nyingi za joto, kwa sababu mbegu zake ni ngumu kama kokoto na huvumilia safari ndefu. Hata hivyo Afrika ya Mashariki inaye ndugu yake wa damu, Delonix elata, anayeota porini katika nchi kavu, na maua yake meupe hugeuka manjano yanapozeeka. Huyo hatumpandi uani. Ni desturi ya wanadamu kumstahi mgeni kuliko mwenyeji.

Mataifa mengine yamefanya miti ya maua kuwa jambo la dola. Mwaka 1912 jiji la Tokyo liliupelekea mji wa Washington miche ya micheri zaidi ya elfu tatu, na mwaka 1915 Marekani ikajibu kwa kupeleka Japani miti yake ya maua meupe inayoitwa dogwood. Mti huo wa Kimarekani unahitaji majira ya baridi, na Dodoma usingemaliza mwaka. Lakini kisa chenyewe kina somo kwetu, kwa kuwa Washington, kama Dodoma, ni mji uliochaguliwa kuwa makao makuu kabla haujawa mji mkubwa. Mji wa namna hiyo haurithi kivuli. Hapana budi upandiwe.

Dodoma ya mji ilizaliwa na reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika hapa mwaka 1910, na Kigoma mwaka 1914. Miti ya kivuli na ya maua ikafuata palipokuwa na boma, stesheni, misheni na nyumba za wakubwa. Uzunguni palikuwa na bustani, vijijini palikuwa na mbuyu na mgunga. Tofauti hiyo haikutokana na mapenzi ya maua. Ilitokana na maji, na na mtu wa kuyachota.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Uwanda huu hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, yote katika miezi michache, na miaka mingine hata hizo hazifiki. Wazee wa Kigogo walizihesabu njaa kwa majina, kama watu wengine wanavyohesabu wafalme. Kubwa kuliko zote ni Mtunya, iliyoikumba Ugogo baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, kisha mvua ikakosekana. Katika nchi yenye kumbukumbu kama hiyo, mama aliyetembea saa mbili na ndoo kichwani ana haki ya kuuliza kwa nini nusu yake imwagiwe mti usiozaa chakula. Swali hilo si la ujinga. Ofisa yeyote anayeleta miche bila kulijibu anapoteza miche yake.

Jibu lipo, lakini linadai muda. Mkrismasi huchukua miaka minne, mitano, au zaidi kabla ya kuchanua, na kivuli chake kikikomaa huwa kama mwavuli uliofunuliwa. Chini yake watu hupumzika, watoto husoma, wageni hupokewa. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Lakini mchumaji huyo lazima awe na hakika kwamba atakapokuja kula, kivuli kitakuwa bado chake.

Sasa tuitazame historia yetu kwa jicho hilo. Mwaka 1971 ilifanyika Operesheni Dodoma, na familia nyingi za Wagogo zilitoka katika makazi yao ya asili kuingia vijiji vya ujamaa. Nia ilikuwa shule, zahanati na maji, nasi walimu tuliona shule zikijaa. Lakini mtu aliyehamishwa mara moja hujifunza kwamba anaweza kuhamishwa tena. Watumishi wa serikali nao waliishi kwa barua za uhamisho. Wapo waliopanda mti nyumba ya serikali na kuchanua kwake kukaonwa na mpangaji wa tatu.

Kisha, mwaka 1973, TANU iliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na kazi hiyo ilitazamiwa kuchukua miaka kumi. Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, na ramani ya mji wenye nafasi nyingi za kijani ikakamilika mwaka 1976. Mwaka huohuo wa 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kupambana na mmomonyoko, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika la Kondoa ili ardhi ipone. Ikapona kwa kiasi ambacho macho yaliona, ingawa wafugaji ndio waliolipa gharama.

Miaka kumi ya uhamisho ikawa zaidi ya arobaini. Katika muda wote huo Dodoma ilikuwa makao makuu kwenye ramani, na watumishi wengi walikaa hapa huku roho zao zikiwa Dar es Salaam. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia kweli, mambo yamegeuka. CDA ilivunjwa mwaka 2017, Dodoma ikawa jiji mwaka 2018, na Ikulu mpya ya Chamwino ikazinduliwa mwaka 2023. Nyumba zimejengwa mpaka milimani. Na uani mwa nyumba nyingi mpya pana mche mdogo uliozungushiwa miiba. Nikiuona huo, huamini kuhamia kwa makao makuu kuliko ninaposoma tangazo.

Hata hivyo shoka nalo limekuja na mji. Barabara hupanuliwa, viwanja hupimwa, na mgunga wa miaka sitini huanguka asubuhi moja ili mahali pake pawekwe miche kumi. Katika sherehe za kupanda miti hutangazwa idadi ya miche iliyopandwa. Sherehe ya kuhesabu iliyopona baada ya kiangazi cha pili ingetufundisha zaidi. Shuleni njia iliyofaa ilikuwa rahisi: kila mche uwe na mwanafunzi wake kwa jina, na akihitimu amkabidhi mwingine mbele ya darasa. Mti wa wote ulikufa kiangazi. Mti wa mtu ulikua.

Anayetaka mkrismasi na afanye hivi. Achukue mbegu kutoka ganda lililokauka mtini, aikwangue kidogo kwenye jiwe hadi gamba lipungue, ailoweke usiku mzima, kisha aipande kitaluni. Mche upandwe shimoni mvua zinapoanza, mbali na nyumba hatua kumi au zaidi, kwa maana mizizi yake hutambaa juu juu na hupasua kuta, sakafu na mabomba. Auzungushie miiba kuzuia mbuzi, majani makavu kuhifadhi unyevu, na aumwagilie maji ya kufulia yaliyosuuzwa, si maji ya kunywa. Ajue pia kwamba matawi yake huvunjika kwa upepo, na chini yake mboga hazistawi.

Lakini kabla ya kuchimba shimo, atazame kwanza kilichopo. Mkoani Dodoma wakulima wengi wamefufua miti kwa njia iitwayo Kisiki Hai: huchagua machipukizi bora ya kisiki kilichokatwa, hupogoa mengine, na kuyalinda. Hakuna ndoo inayohitajika, kwa sababu mizizi imekwisha kuyafikia maji zamani. Mwenyeji akiokolewa hivyo, maji yanayobaki yanatosha kumlea mgeni mmoja wa uani, naye atachanua Novemba, wakati kila kitu kingine kimekata tamaa.