Jembe, Kobe na Darasa la Kwanza

Mwaka 1967 ulizaa mawazo mawili kuhusu mtoto na shule, na mawazo hayo hayakujuana. Machi mwaka huo, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa kijitabu chake cha Elimu ya Kujitegemea. Mwaka huohuo, huko Cambridge, Massachusetts, Wally Feurzeig, Cynthia Solomon na Seymour Papert walitengeneza Logo, lugha ya kompyuta iliyokusudiwa watoto. Papert alikuwa mwana wa Afrika, mzaliwa wa Pretoria mwaka 1928. Baadaye Logo ikapata kobe wake: kwanza kidude cha kutambaa sakafuni, kisha alama ndogo kwenye kioo cha kompyuta. Mtoto alimwambia kobe aende mbele hatua kadhaa, ageuke kulia, aende tena, na kobe akaacha mchoro nyuma yake.

Nayaweka mawazo haya pamoja kwa sababu siku hizi kila mkutano wa elimu una mtu anayesema watoto wetu wafundishwe kuandika programu, hiyo wanayoiita koding, tangu darasa la kwanza. Tena isiwe somo la peke yake, iingie ndani ya Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Wazo ni zuri. Lakini sisi wa Singida tulishaahidiwa kitu kitakachoingia ndani ya masomo yote, na tunajua kiliishia wapi. Kiliishia shambani.

Tuanze na kile Nyerere alichokitaka hasa. Watu wengi wanakumbuka jembe tu. Ukikisoma kijitabu chenyewe utaona alitaka shamba la shule liwe darasa: wanafunzi washiriki kupanga na kuamua, watunze hesabu za mapato na matumizi, walinganishe eneo lililowekwa samadi na lisilowekwa, wajiulize kwa nini moja limezaa na jingine halikuzaa. Yaani hesabu iwe shambani, sayansi iwe shambani, na uraia vilevile. Kazi na kufikiri vilitakiwa kuwa kitu kimoja.

Mimi ni zao la UPE, Elimu ya Msingi kwa Wote. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliuvuta mbele mpango uliokuwa umewekewa lengo la 1989, likataka kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo mwisho wa 1977. Huku kwetu kwenye mawe na upepo tukamiminika shuleni, wengine tukiwa na Kinyaturu au Kinyiramba tu kinywani. Shamba la shule lilikuwepo, na kubwa. Tulilima, tukapalilia, tukavuna alizeti. Ila sikumbuki hata siku moja tumerudi darasani kuhesabu debe tulizovuna, wala kuulizwa kwa nini upande wa kichugu ulistawi kuliko upande wa barabara. Mazao yaliuzwa, hesabu ikabaki ofisini. Kwenye ratiba kiliandikwa kipindi cha EK, na sote tulijua maana yake: beba jembe.

Haikuwa roho mbaya ya walimu. Azimio lilelile la Musoma lilizitaka shule zizalishe mali kuchangia gharama zake, na shamba likigeuka kuwa mfuko wa fedha, maswali ya mtoto yanakuwa upotezaji wa muda. Pili, wazo lilifika shuleni bila njia ya kulifundisha. Mwalimu aliambiwa aunganishe kazi na masomo. Hakuonyeshwa somo la Jumatatu asubuhi linafananaje. Na wengi wa walimu hao ndio kwanza walikuwa wamemaliza darasa la saba. Makumi ya maelfu yao walifunzwa ualimu huku wakifundisha, kwa masomo ya posta, kwa redio na kwa wakufunzi waliowapitia. Walibeba taifa mgongoni, na sitawacheka kamwe. Lakini huwezi kumtwisha mtu wa namna hiyo wazo gumu kuliko yote ukategemea alifungue mwenyewe.

Hapo ndipo jembe linapokutana na kobe. Papert naye, katika kitabu chake Mindstorms cha 1980, hakuwa anatafuta kutengeneza mafundi wa kompyuta. Alitaka mtoto aiishi hesabu. Ili kumwelekeza kobe achore mraba, mtoto anasimama, anatembea hatua zake, anageuka kona, anatembea tena, hadi agundue kwamba ni jambo moja linalorudiwa mara nne. Akikosea, haandikiwi mkasi mwekundu. Anatafuta hatua iliyoharibika na kuirekebisha. Nyerere na Papert, kila mmoja kwa njia yake, walikataa shule ya kukariri. Na wote wawili yaliwapata yaleyale: watu walichukua chombo wakaacha wazo. Kwetu kilibaki jembe, kwingine ikabaki kompyuta.

Historia yetu na kompyuta yenyewe ni ya milango inayofungwa na kufunguliwa. Serikali ilikuwa na kompyuta Hazina tangu 1965. Mwaka 1974, mwaka uleule wa Musoma, ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na runinga nchini. Mlango mmoja ukafunguliwa kwa watoto, mwingine ukafungwa kwa mashine. Miongo mitatu baadaye upepo ulikuwa umegeuka kabisa: Sera ya Taifa ya TEHAMA ikatoka mwaka 2003, na mtaala wa 2005 ukaleta TEHAMA kama somo la shule ya msingi. Shule nyingi za vijijini hazikuwa na umeme, achilia mbali kompyuta. Basi mwalimu akachora kioo, kicharazio na kipanya ubaoni, watoto wakanakili, wakakariri kazi ya kila kifaa, wakafanya mtihani. Mtaala uliofuata ukaliingiza somo hilo ndani ya Sayansi na Teknolojia. Kipanya cha chaki ni ndugu wa jembe la EK: chombo kimebaki, kufikiri kumetoroka.

Majirani nao wana lao la kusimulia. Kenya iliahidi kompyuta kwa kila mtoto wa darasa la kwanza mwaka 2013. Baada ya mivutano ya zabuni, vifaa vikaanza kufika shuleni 2016, na mtaala wa koding ukaidhinishwa mwaka 2022. Angalia mpangilio: kwanza kifaa, miaka sita baadaye cha kufundisha. Ila nisiwe mchoyo. Mkoani Tanga, kati ya 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE liligawa vishikwambi kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji 170, na programu zilizoshinda ziliwasaidia watoto kusoma Kiswahili. Kifaa chenye lugha ya mtoto ndani yake si mzaha.

Lugha ndiyo neno ninalotaka tulishike, hasa sisi tunaopenda vitabu. Mambo ya msingi katika kuandika programu ni machache: mfuatano wa hatua, sharti, na marudio. Sasa sikiliza Kiswahili. Bibi akisimulia, anasema msichana alitoka, akaenda kisimani, akachota maji, akarudi. Hiyo -ka- ni nini kama si mfuatano? Ukiiondoa au ukiihamisha, anarudi kabla hajachota. Mzazi anapoagiza, anasema mbuzi wakiingia shambani, wafukuze. Sharti zima limekaa ndani ya silabi moja, -ki-. Na mpishi wa ugali wa uwele anasema songa mpaka ushikane: hayo ni marudio yenye kikomo. Mtoto wa Mkalama au Ikungi haji shuleni mtupu. Anakuja na mfuatano, sharti na marudio katika lugha ya kwao, na Kiswahili cha darasani kinampa njia ya kuviandika.

Kwa hiyo somo la koding darasa la kwanza linaweza kuonekana hivi. Katika Kusoma, watoto wanapewa sentensi nne za hadithi zilizovurugwa wazipange, kisha wanajadili kwa nini -ka- moja haiwezi kutangulia nyingine. Katika Kuandika, mtoto anaandika maagizo ya kunawa mikono, na mwenzake anayafuata kama yalivyo bila huruma. Aliyesahau kufungua maji anaona mwenyewe. Katika Kuhesabu, vile vizibo vya soda na vijiti vinapangwa kwa mpango unaojirudia, na mtoto anatafuta namna fupi ya kuusema. Katika michezo, mmoja anakuwa kobe uwanjani, mwingine anatoa amri. Hakuna umeme uliotumika. Huko New Zealand, Tim Bell na wenzake wamekuwa wakifundisha sayansi ya kompyuta bila kompyuta tangu miaka ya 1990, na shule zao zina umeme.

Mtu ataniuliza, huko si kuwapa watoto wa Singida koding ya kimaskini, huku wa mjini wakishika mashine? Swali ni halali, na linaniuma, kwa sababu elimu ya kimaskini tuliishaionja. Jibu langu ni kwamba mashine lazima zije. Zikija zikamkuta mtoto aliyezoea kupanga hatua na kusaka kosa lake, zitakuwa kalamu mkononi mwake. Zikimkuta mtoto wa kipanya cha chaki, zitafungiwa kabatini, na funguo atakaa nazo mwalimu mkuu.

Safari hii tuna kitu ambacho 1974 hatukuwa nacho. Mwaka 2015 nchi ilikubali kwamba watoto wa darasa la kwanza na la pili walikuwa wanasongwa na masomo, ikayapunguza na kuweka nguvu kwenye KKK. Mkoa wetu wa Singida uliingia kwenye EQUIP-Tanzania mwaka 2017, na sasa upo kwenye Shule Bora, programu ambazo zimewachukulia walimu wa madarasa ya chini kama watu wa kujengwa, siyo wa kuamrishwa. Na tangu Januari 2024 mtaala mpya umeanza kutumika, ukianzia awali, darasa la kwanza na la tatu. Mlango uko wazi.

Ombi langu kwa wanaoandika miongozo ni dogo. Msituongezee kipindi. Kikiandikwa KODING kwenye ratiba, mwalimu mwenye watoto mia moja atafanya alichofanya mwenzake wa EK: atatafuta chombo cha kushika, na kama hakipo atakichora. Mpeni badala yake masomo arobaini yaliyoandikwa kwa Kiswahili safi, ya Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ambamo hatua, sharti na marudio vimo kama chumvi ndani ya mlenda. Mfunzeni kabla, si wakati mtoto ameshakaa chini. Na mkaguzi akifika, asiulize kompyuta ziko ngapi. Amwombe mtoto mmoja amweleze namna ya kutoka darasani hadi kisimani, halafu ayafuate maelezo hayo kwa miguu yake mwenyewe.